Mara Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Huguette amesifiwa tena mbele ya watu. Dkt. Aber alisimama mlangoni mwa chumba changu, akamwita kila mtu aje atazame kompyuta yangu, kisha akasema, "Mnaona? Hivi ndivyo kazi inavyofanywa." Jedwali lile nimelichora mimi. Rangi nimezichagua mimi. Sifa zikaenda kwa Huguette, aliyekuwa amesimama nyuma akila karanga.

Niandike kila kitu sawasawa ili baadaye nisijidanganye. Mimi ni karani wa data katika ofisi ndogo ya utafiti hapa Kisugu, Kampala. Wahoji watano huenda mtaa wa Bwaise kila asubuhi na tableti zao, huingia katika nyumba walizopangiwa, huuliza maswali arobaini, na jioni majibu hunifikia mimi. Kaya mia sita kwa jumla, mia na ishirini kwa kila mhoji. Utafiti unataka kujua jambo moja: mafuriko yakija, majirani husaidiana kweli, au ni maneno ya kanisani tu? Swali la thelathini na moja ndilo moyo wa kazi yote. *Mara ya mwisho maji yalipoingia ndani, ulilala kwa nani?*

Wahoji wanne huleta jibu moja: sikulala kwa mtu. Huguette huleta watu. Jirani wa ukuta mmoja. Mama wa kwaya. Fundi viatu wa ng'ambo ya mtaro.

Ama anajua kuuliza, ama anajua kutunga. Nilipomaliza kuandika sentensi hiyo nilifurahi kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kutwa. Huguette amerudi kutoka Bwaise viatu vyake vikiwa safi. Sijui hupita wapi.

Jumamosi, 9 Machi

Binamu yangu Phelister, ninayeishi naye, amenisikiliza nikimsema Huguette kuanzia chai mpaka vyombo vilipooshwa. Yeye ni mpishi katika mkahawa mmoja Kabalagala, na huwa hana subira na watu wa ofisini.

"Huyo Mkongomani amekuibia nini?"

"Hajaniibia kitu."

"Basi umempenda. Mtu hatajwi mara ishirini asubuhi moja bila sababu."

Nilimrushia kitambaa cha vyombo. Alikidaka.

Jumanne, 12 Machi

Huguette alikatishwa masomo Bukavu akiwa mwaka wa tatu, vita vilipowafukuza. Leo nimesikia kwamba chuo kimoja hapa Kampala kimekubali kumpokea aendelee pale alipoachia, mradi alete barua ya mwajiri inayothibitisha uaminifu wake kazini. Mwisho wa kupokea barua ni tarehe 17 Mei. Madam, ndivyo tunavyomwita Dkt. Aber, amemwambia mbele yetu, "Binti yangu, hiyo barua nitaiandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Mimi niliomba barua ya aina hiyo Januari, ya kuombea shahada ya pili. Madam alisema nimkumbushe. Nimemkumbusha mara mbili.

Mimi ndiye niliyemaliza chuo. Mimi ndiye niliyepata daraja la kwanza. Mimi huitwa "wewe wa data".

Ijumaa, 15 Machi

Nimefanya jambo ambalo karani makini angelifanya mapema. Kila tableti huandika yenyewe saa ya kuanza na saa ya kumaliza mahojiano. Mhoji anayetunga majibu huwa na haraka. Hukaa chini ya mti, au kwenye kibanda cha chai, akabonyeza maswali arobaini kwa dakika kumi. Nimepiga wastani. Wahoji wanne: dakika ishirini na sita. Huguette: dakika hamsini na mbili.

Hatungi. Namba zimesema waziwazi. Nimezifunga, sikumwonyesha mtu.

Jumatatu, 18 Machi

Madam alinituma Bwaise niandamane na Huguette siku nzima. Alisema karani anayekaa na namba peke yake mwishowe huwaona watu kama namba.

Kando ya mtaro mkubwa kuna kijia chembamba, na Huguette ana kaya hamsini huko. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja anayeuza mkaa kwa mikebe. Tulikalia ndoo zilizofudikizwa. Nilikuwa na dodoso mkononi nikifuatilia kila neno, nikitumaini ataongeza lake. Hakuongeza. Alisoma swali la thelathini na moja kama lilivyoandikwa.

"Sikulala kwa mtu," mama akasema.

Mimi ningekuwa nimeshahamia swali la thelathini na mbili. Huguette aliweka tableti mapajani, akautazama ukuta uliokuwa na alama ya maji kimo cha kiuno, akanyamaza. Hakumtazama mama. Alinyamaza tu, kama mtu anayengoja chai ipoe. Mpaka nikaanza kuona haya.

"Ee, kulala sikulala," mama akasema hatimaye. "Nilikaa tu pale kwa mwenye cherehani. Mimi na watoto. Siku tatu."

"Siku tatu bila kulala, mama? Weye ni askari wa zamu?"

Mama alicheka mpaka akajipiga paja, kisha akamwaga yote: nani alimbebea mtoto, nani alimpa godoro, nani alifunga mlango akajifanya hayupo. Halafu akanigeukia. Nilikuwa nimevaa vesti ya ofisi, ile ya manjano yenye mistari inayong'aa.

"Na huyu? Si wa wale wa kubomoa?"

"Hapana, mama. Huyu ni dada yangu. Vesti aliivaa juu ya baridi."

Niliivua. Mama akasema, "Wenye vesti hatuwaambii nani analala kwa nani. Wakijua chumba kimoja kimelaza watu tisa, watarudi na tingatinga. Kijia hiki chote, ukija na vesti, kila mtu amelala kwake."

Wakati wa kurudi nilimwuliza Huguette nani alimfundisha kunyamaza vile.

"Hakuna. Batu banapenda kujaza kimya. Weye usijaze, bao batajaza."

Aliniambia hivi hivi, bure, kama mtu anayekuelekeza duka la sukari. Miaka minne chuoni sikufundishwa. Nilimchukia njia nzima mpaka Kisugu, na alikuwa ameniita dada yake.

Ijumaa, 22 Machi

Siku ya kuchota namba.

Mpango wa utafiti wetu uliwekwa hadharani Januari, kabla hatujauliza swali hata moja, ili mtu asije akabadilisha sheria baada ya kuona matokeo. Mpango unasema: kati ya kaya mia sita, sitini zitatembelewa mara ya pili na mtu mwingine na kuulizwa maswali matano yale yale. Mhoji ambaye zaidi ya robo ya kaya zake zilizorudiwa zina majibu yanayopingana, anasimamishwa, na kaya zake zote zinaondolewa kwenye hesabu.

Sitini hizo huteuliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, lakini kompyuta huhitaji namba ya kuanzia. Ukiipa namba hiyo hiyo inakupa orodha ile ile, leo au kesho, hapa au ng'ambo. Kwa hiyo, ili mhoji yeyote asiseme ameonewa, namba huchotwa na wahoji wenyewe. Madam huleta buli lake kuukuu la udongo lenye vifuniko kumi vya soda, kila kimoja kimeandikwa tarakimu kwa rangi ya kucha. Kila mhoji hutia mkono, huchota kimoja, hukisoma kwa sauti, hukirudisha. Mwalimu Wangila, msimamizi wa wahoji (alikuwa mwalimu kweli, Bungoma), huandika ubaoni.

Nne. Sifuri. Huguette akachota saba, akakibusu kifuniko. Moja. Nane.

"40718!" Mwalimu akatangaza. "Anayebisha aseme sasa au anyamaze milele."

"Bibi harusi ni nani?" Huguette akauliza, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi pia.

Madam alipiga picha ya ubao. Wote walitia sahihi. Kisha akanigeukia: "Wewe wa data, Jumatatu nataka orodha."

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika nilichofanya.

Nilikuwa peke yangu ofisini tangu saa nne asubuhi. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati ya karakana ya jirani. Niliandika 40718 na orodha ikatoka. Kaya sitini. Za Huguette kumi na moja, nne kati ya hizo katika kile kijia cha mtaroni. Orodha nzuri, ya haki. Nilipaswa kuihifadhi nikaenda nyumbani.

Badala yake nilijiambia nataka tu kuona orodha zinavyotofautiana. Ni swali la kitakwimu, halina ubaya. Nikaandika namba nyingine. Za Huguette tisa. Nyingine: kumi na tatu, tano za kijiani. Kufikia jaribio la kumi nilijua ninachotafuta, maana nilikuwa nimechukua karatasi na kuchora mistari miwili: *H* na *kijia*. Nilijua kwamba Acen, atakayerudia mahojiano, huvaa vesti. Sheria ya ofisi inamlazimu. Nilijua watu wa kijia kile huwaambia nini wenye vesti. Nilijua kwa sababu Huguette alinipeleka.

Jaribio la thelathini na nane lilinipa kaya kumi na saba za Huguette, kumi kati ya hizo za kijiani.

Nikahifadhi. Juu ya orodha, mahali pa namba ya kuanzia, nikaandika 40718.

Karatasi niliichana vipande vidogo. Nilikuwa na furaha ile ya mtu aliyeshinda mchezo ambao wengine hawajui kama unachezwa.

Jumatatu, 25 Machi

Orodha imepokelewa. Hakuna aliyeuliza kitu. Madam alisema, "Asante, Nabwire." Jina langu! Mara ya kwanza tangu Februari.

Jumatano, 27 Machi

Acen amerudi kutoka Bwaise magoti yamejaa tope. "Banange, nyabo, kile kijia! Mimi nauliza, wao wanaangalia vesti. Wote wamelala kwao. Maji mpaka hapa, na wamelala kwao kama samaki."

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Sikwenda nyumbani Busia. Mama alipiga simu, nikamwambia kazi ni nyingi.

Jumatano, 3 Aprili

Kaya kumi na saba za Huguette: nane zinapingana na alichoandika. Saba kati ya hizo ni za kijiani. Wahoji wengine wako salama kabisa. Kwao mtu alisema "sikulala kwa mtu" mara ya kwanza, na kwa Acen akasema vivyo hivyo. Majibu yao yanaafikiana. Aliyefungua watu midomo ndiye aliyeonekana mwongo.

Nimeliona hilo mara moja. Sina kisingizio cha kutoelewa.

Jumatatu, 8 Aprili

Aliitwa saa tatu. Ukuta kati ya chumba changu na cha Madam ni wa mbao.

"Huguette, nieleze."

"Mi sikutunga, Madam. Batu baliniambia mi, yeye bakamnyima. Hiyo ni kosa langu?"

"Mpango unasema robo. Wewe una karibu nusu. Mpango niliuandika mwenyewe na dunia nzima iliusoma. Nikiukunja kwa ajili yako kwa sababu nakupenda, basi si mpango tena."

"Na barua?"

"Barua inathibitisha uaminifu, binti yangu. Nitathibitishaje?"

Huguette alitoka akaja moja kwa moja kwangu. Hakuwa analia. "Dada Nabwire. Weye uko na kompyuta. Saa zangu umeziona, vile ninakaa na batu. Mwenye kutunga anakaa saa nzima? Bambie."

Dakika hamsini na mbili. Nilikuwa nazo kwenye faili, jina lake juu.

"Nitaangalia," nikasema.

"Aksanti," akasema. Akakusanya mwavuli na bakuli lake la chakula, akamkumbatia Mwalimu Wangila, akaenda.

Mchana Mwalimu alisema hamu ya chai imemwishia. Mimi nilikunywa vikombe viwili. Nilijilazimisha.

Jumanne, 9 Aprili

Ofisi kimya. Nilidhani ningefurahi zaidi ya hivi.

Jumatatu, 15 Aprili

Baada ya kuondoa kaya mia na ishirini za Huguette, matokeo yamegeuka. Sasa ripoti inasema majirani wa Bwaise hawasaidiani wakati wa mafuriko. Madam aliisoma akavua miwani. "Sikulitarajia hili," akasema. "Lakini data ni data."

Nilikumbuka mwenye cherehani na godoro.

Bado namwonea wivu. Nilidhani akiondoka utaondoka naye. Kumbe umebaki ofisini, umekalia kiti chake.

Jumatatu, 22 Aprili

Madam ametangaza kwamba kila kitu chetu kitawekwa wazi mtandaoni: madodoso, data bila majina ya waliohojiwa, programu zote nilizoziandika, picha ya ubao, na orodha. Na kabla ya kuwekwa, mtu wa nje atarudia kila hatua mwanzo mpaka mwisho aone kama atapata tulichopata. Anaitwa Oloo, yuko Kisumu.

"Hatuna cha kuficha," Madam akasema. "Sivyo, Nabwire?"

Nikasema sivyo. Kisha nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Jumatano, 24 Aprili

Sijala.

Jumatatu, 29 Aprili

Barua pepe ya Oloo imekuja kwangu peke yangu, ya heshima sana. Anasema majedwali yote yametoka sawa, anatoa hongera kwa kazi safi. Jambo moja dogo tu: kwa namba 40718 anapata orodha nyingine. Kaya saba tu kati ya sitini zinafanana. Je, kuna hatua ameiruka?

Hongera kwa kazi safi. Nimengoja mtu aniambie hivyo tangu Januari.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemjibu kwamba huenda programu yetu ni ya toleo la zamani, na matoleo ya zamani yalichota bahati nasibu kwa njia tofauti. Ni kweli kwamba jambo kama hilo hutokea. Ndiyo maana nililichagua.

Alhamisi, 2 Mei

Oloo: "Asante. Nitumie namba ya toleo lenu nilisimike hapa nijaribu." Sikutarajia mtu atajisumbua hivyo. Nimeituma, ile ya kweli. Sikuwa na ujasiri wa kudanganya mara mbili kwa wiki moja.

Jumapili, 5 Mei

Bwaise imefurika tangu Ijumaa. Nimeziona picha kwenye simu: watoto wamepandishwa juu ya meza, meza juu ya matofali. Sikupenda kujiuliza leo wanalala kwa nani.

Jumanne, 7 Mei

Oloo amesimika toleo letu. Amepata orodha yake ile ile. Anauliza kama naweza kukumbuka zaidi.

Ijumaa, 10 Mei

Phelister amerudi kutoka kazini akicheka peke yake.

"Tumeletewa Mkongomani jikoni, wa kumenya. Bwana we! Tangu Jumatatu hakuna aliyenuna. Hata bosi ameingia jikoni kusikiliza."

Nilijua kabla hajataja jina.

"Huguette," akasema. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Ni yule wako?"

Nikamwambia ndiye.

"Basi sikiliza. Nilimwambia nina binamu katika ofisi hiyo, nikitaka akuseme, tupate umbea. Unajua alisema nini? Kwamba wewe peke yako pale ndani unaelewa kazi. Kwamba uliahidi kuangalia saa zake, na kama bado hujasema kitu, basi unatafuta njia nzuri ya kusema. Wiki ijayo Ijumaa ndiyo mwisho wa barua yake na bado anakungoja. Nabwire, ulimwahidi?"

Nilikwenda uani nikasimama karibu na tangi la maji. Sasa ameuchukua hata Phelister wangu. Nyumbani kwangu, kwenye mdomo wa ndugu yangu, yeye ndiye mwema, na wema wenyewe anaufanyia mimi.

Jumapili, 12 Mei

Oloo ameandika tena. "Dada Nabwire, usihangaike. Haya hutokea hata kwa watu makini. Kesho jioni namtumia Dkt. Aber taarifa yangu, na nitaandika tu: *orodha ya marudio haikuweza kurudiwa, sababu haijulikani.* Haitawaletea shida."

Nimeisoma nikiwa nimesimama nje ya kanisa, watu wakinipita na viti. Sababu haijulikani. Maneno mawili na niko huru. Hakuna atakayeuliza zaidi. Huguette atamenya ndizi, mimi nitaongezewa mkataba, na Bwaise itaandikwa kuwa ni mahali ambapo mtu huzama jirani akimtazama.

Woga wangu wa wiki tatu umeondoka kwa mpigo, kama maji yaliyopata mfereji. Nimeshangaa kuona kilichobaki chini yake. Kilichobaki si huruma, nakiri. Ni wivu ule ule. Siwezi kuvumilia kwamba katika habari hii yote yeye atabaki mwenye imani na mimi, na mimi nitabaki hivi.

Jumatatu, 13 Mei

Nilibisha mlango wa Madam kabla hajavua koti.

"Orodha si ya 40718," nikasema.

"Ni ya namba gani?"

"Sikuiandika. Nilijaribu namba thelathini na nane."

Alikaa chini polepole. "Kwa nini thelathini na nane?"

"Kwa sababu ya thelathini na saba haikuwa na kaya za kutosha za Huguette."

Nilimweleza vesti. Nilimweleza kijia. Nilimpa wastani wa dakika hamsini na mbili, niliouchapisha tangu Machi. Aliushika ule ukurasa kwa ncha za vidole.

"Nilikufanya nini, Nabwire?"

"Ulimwita binti yako."

Ilitoka hivyo, kama ya mtoto wa darasa la pili. Nilitamani sakafu inimeze. Madam alivua koti, akalitundika.

"Nina makosa yangu, na nitayajibu mimi," akasema. "Lakini yako hayamo ndani ya yangu. Piga 40718 sasa hivi, mbele yangu. Acen aende leo, bila vesti. Sheria ile ya vesti niliitunga mimi, nitaifuta mimi. Na wewe utaandika maelezo ya kosa, yatakayowekwa pamoja na data, juu kabisa, si chini. Nini kilifanyika, mara ngapi, nani alidhurika, na sababu. Mwisho wa mwezi mkataba wako umeisha."

"Ndiyo, Madam."

"Na Oloo umwandikie mwenyewe. Yule mtu amesimika programu nzima kwa ajili ya uongo wako."

Jumanne, 14 Mei

Oloo alijibu kwa mstari mmoja: "Asante kwa kuniambia. Sasa inarudiwa." Sijui kama ni msamaha au ni taarifa.

Mwalimu Wangila hanisemeshi. Amehamisha kikombe chake kutoka kwenye rafu yetu.

Jumatano, 15 Mei

Acen amemaliza kumi na moja za Huguette. Mbili tu zinapingana. Chini ya robo. Kaya mia na ishirini zimerudi kwenye hesabu, na majirani wa Bwaise nao wamerudi.

Maelezo ya kosa nimeyaandika mara sita. Kwenye *Sababu* niliandika "dosari ya kibinadamu". Madam alikata kwa kalamu nyekundu. Nikaandika "upendeleo wa karani". Akakata. "Upendeleo ni kumpenda mtu," akasema. "Ulimpenda nani?" Nikaandika *wivu*. Hakukata.

Alhamisi, 16 Mei

Huguette alikuja saa saba, kitenge kichwani, mikono ikinuka vitunguu vya jikoni kwa Phelister. Madam alimpa barua kwanza, imetiwa sahihi na muhuri. Huguette aliisoma, akaikunja, akaiingiza kifuani. Kisha Madam akampa karatasi yangu. "Kabla haijatoka una haki ya kuisoma."

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Nilikuwa kando ya kabati, nikingoja anipige.

"Huyu 'mhoji namba tatu' ni nani?"

"Ni wewe," nikasema.

"Na 'karani wa data'?"

"Ni mimi."

"Kule kanisani kwetu, bale baliosikia nimefukuzwa juu ya kutunga, balisikia namba tatu?"

Huguette akagonga karatasi kwa kidole.

"Balisikia Huguette. Basi andika Huguette."

Madam akasema kwamba majina ya waliohojiwa tunayaficha, lakini mfanyakazi akitaka lake liwepo, ni hiari yake. Kisha akanitazama. Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika yale maneno mawili, karani wa data, nilikuwa nimepata kachumba kadogo ka kujifichia.

Nikaketi, nikafuta, nikaandika upya huku wote wawili wakitazama: *Nabwire alijaribu namba thelathini na nane mpaka akapata orodha ya kumwangusha Huguette, na akaificha chini ya namba iliyochotwa hadharani, sababu ni wivu.*

"Sasa iko sawa," Huguette akasema.

"Nisamehe," nikasema.

Alifunga upya kitenge chake. "Ya leo sina hasira, niko na barua. Ya kesho sijui. Utaniuliza kesho." Akaondoka kabla mvua haijaanza, akipita njia yake.

Saa tisa niliyaweka maelezo mtandaoni. Sasa mtu yeyote, popote, anaweza kuifungua sentensi ile na kutukuta humo, mimi na yeye. Nimeisoma tena na tena nikitafuta neno la kurekebisha na sikuliona. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ndefu na yenye ukungu. Hii inasema nani alimfanyia nani nini. Hata kosa langu, Huguette amelisema vizuri kuliko mimi.